Opisthoglyphous: jinsi ya kulitamka na kulifungua neno la meno ya nyoka

Neno la Kiingereza "opisthoglyphous" lina herufi 15, na wengi wanaolikuta katika maandishi ya nyoka hulipita bila kulitamka. Si neno la mazungumzo, wala si neno la darasa la sekondari. Hata hivyo linataja kitu kilichopo kwenye miti ya nchi zetu: nyoka ambao chonge zao za sumu zimeota upande wa nyuma wa taya la juu, na kila chonge ina mfereji unaopitisha sumu. Nyoka wa mitini aitwaye boomslang, ambaye jina lake la kisayansi ni Dispholidus typus, ni wa aina hiyo. Nyoka mwembamba wa jenasi Thelotornis, anayejinyoosha kwenye tawi mpaka ukadhani ni kijiti, naye ni wa aina hiyo. Spishi yake mojawapo, Thelotornis usambaricus, imepewa jina la milima ya Usambara.

Ugumu wa neno hili hautokani na urefu wake. Unatokana na kwamba linaweza kukatwa kwa visu viwili tofauti. Kisu cha kwanza ni cha sauti, nacho hutoa silabi. Kisu cha pili ni cha maana, nacho hutoa mofimu, yaani vipande vidogo kabisa vinavyobeba maana. Visu hivi havipiti mahali pamoja. Anayejaribu kutamka neno kwa kufuata vipande vya maana hukosea mkazo, na anayetafuta maana kwa kufuata silabi hupata vipande visivyo na maana yoyote. Msemaji wa Kiswahili ana faida kubwa hapa, ingawa walimu wa Kiingereza hawamwambii mara nyingi: vitenzi vyake mwenyewe hukatwa hivyohivyo kila siku.

Tuanze na sauti.

Herufi za neno hili zinatisha kuliko sauti zake. "Ph" ni f tu. "Th" ni ile ya thelathini na thamani, si ile ya dhahabu. Mtu aliyezoea kuitamka sauti hiyo katika Kiswahili hana jipya la kujifunza. "Y" hapa ni i fupi. "G" ni ya gari. Na "ous" ya mwisho hutamkwa kwa ulegevu, karibu na "as" isiyo na nguvu. Hizi "ph", "th" na "y" zimekaa pamoja kwa sababu moja: neno limetoka Kigiriki, na ndivyo Warumi walivyoziandika herufi tatu za Kigiriki ambazo alfabeti yao haikuwa nazo, yaani fi, theta na ipsiloni. Ukiona herufi hizo zimekusanyika katika neno moja la sayansi, unaweza kukisia asili yake kabla hujafungua kamusi, na tahajia yake haitakusumbua tena.

Silabi zake ni tano: op – is – thog – ly – phous. Ya tatu ndiyo yenye mkazo mkuu, na ya kwanza ina mkazo mdogo unaotangulia. Nikiandika kwa masikio ya Kiswahili: op-is-THOG-li-fas.

Msomaji wa Kiswahili angependa kukata vingine: o-pi-stho-gli. Kwetu silabi kwa kawaida huishia kwenye irabu, isipokuwa pale m au n inaposimama peke yake, kama katika m-tu, au katika maneno ya mkopo kama lab-da na sek-ta. Kiingereza kina tabia nyingine. Irabu fupi yenye mkazo haibaki wazi. Huivuta konsonanti inayoifuata iifunge. Ndiyo maana ile "g", ambayo kimaana ni mwanzo wa kipande cha "glyph", inasikika ikiwa mwisho wa silabi ya "thog". Hapo kisu cha sauti kimepita katikati ya kipande cha maana, kikaacha "g" upande mmoja na "lyph" upande wa pili.

Sasa swali ambalo wanafunzi wengi huuliza: nitajuaje mkazo uko wapi bila kumsikia mtu akitamka? Kwa vivumishi vya Kiingereza vinavyoishia na "-ous" na vyenye asili ya Kilatini au Kigiriki, kuna kanuni ya kutegemewa, nayo ni ya Kilatini. Itazame silabi ya pili kutoka mwisho. Ikiwa nzito, yaani ina irabu ndefu au imefungwa na konsonanti, mkazo unakaa hapo. Ikiwa nyepesi, mkazo unarudi nyuma hatua moja, kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho. Katika "enormous" na "tremendous", silabi za "nor" na "men" zimefungwa, basi mkazo uko hapo: e-NOR-mous, tre-MEN-dous. Katika "poisonous" na "venomous", silabi ya katikati ni nyepesi, basi mkazo umerudi mwanzo: POI-so-nous, VEN-o-mous. Neno ambalo kila aliyesoma baiolojia kwa Kiingereza analijua, "herbivorous", linafuata kanuni hiyohiyo: her-BIV-o-rous.

Turudi kwa nyoka wetu. Silabi ya pili kutoka mwisho ni "ly". Irabu yake ni fupi, na baada yake kuna sauti moja tu, f. Hapa ndipo macho hudanganya, kwa sababu karatasi inaonyesha herufi mbili, p na h, na mtu anaweza kudhani silabi imefungwa. Lakini katika Kigiriki fi ilikuwa herufi moja, nayo huhesabiwa kuwa moja. Silabi ni nyepesi, mkazo unarudi nyuma, unatua kwenye "thog".

Linganisha na "polymorphous", kivumishi cha wanyama wenye maumbo mbalimbali ndani ya spishi moja. Silabi ya "mor" imefungwa na r, kwa hiyo mkazo umebaki papo hapo: poly-MOR-phous. Linganisha tena na "zygodactylous", kivumishi cha ndege wenye vidole viwili mbele na viwili nyuma, kama kasuku na kigong'ota. Mzizi "dactyl", maana yake kidole, una silabi mbili, ya pili nyepesi. Mkazo ukirudi nyuma bado unatua ndani ya mzizi: zy-go-DAC-ty-lous. "Glyph" ina silabi moja tu, fupi na nyepesi, kwa hiyo mkazo unapoikimbia unatoka kabisa nje ya mzizi na kuangukia kwenye irabu ya kiungo, ile "o" inayounganisha vipande viwili vya neno.

Kanuni hii inafanya neno moja libadilishe sauti yake kila linapovaa mwisho tofauti. Jina la nyoka wa aina hii kwa Kiingereza ni "opisthoglyph", na mkazo uko kwenye PIS: o-PIS-tho-glyph. Kivumishi chenye "-ous" kina mkazo kwenye THOG. Kivumishi kingine chenye maana ileile, "opisthoglyphic", kina mkazo kwenye GLYPH, kwa sababu mwisho "-ic" huvuta mkazo kwenye silabi inayoutangulia, kama katika "hieroglyphic". Vipande ni vilevile, maana haijabadilika, lakini mkazo umekaa mahali patatu tofauti.

Mtu anayejifunza Kiingereza huona hili kama ukorofi wa lugha. Lakini sema kwa sauti: piga, pigia, pigiana. PI-ga. Pi-GI-a. Pi-gi-A-na. Mzizi ni uleule, pig-, na mkazo umekaa mahali patatu tofauti vilevile. Hakuna aliyetufundisha tukiwa watoto. Tuliokua na Kiswahili tunahamisha mkazo tukiwa tunafikiria jambo lingine kabisa. Tazama tena visu viwili katika "ananipigia". Kwa sauti: a-na-ni-pi-gi-a. Kwa maana: a-na-ni-pig-i-a. Kisu cha sauti kimeupasua mzizi pig- vipande viwili, na mkazo umeangukia silabi ya "gi", iliyoundwa na konsonanti ya mwisho ya mzizi na irabu ya kauli ya kutendea. Irabu ya mzizi wenyewe haina mkazo wowote. Hilo ndilo lililotokea kwa "glyph" ndani ya "opisthoglyphous".

Lugha zote mbili zinahesabu mkazo kutoka mwisho wa neno. Kiswahili kinahesabu mbili na kutua, isipokuwa katika maneno machache kama barabara, ambalo likimaanisha njia lina mkazo kwenye silabi ya tatu kutoka mwanzo, kama kawaida, na likimaanisha sawasawa lina mkazo kwenye ya pili kutoka mwanzo. Kiingereza, katika maneno haya ya kitaalamu, kwanza kinatazama aina ya mwisho, kisha uzito wa silabi, ndipo kinatua. Kwa hiyo ukikutana na kivumishi kirefu cha sayansi, usianze kukisoma mbele kwa kujikwaa silabi kwa silabi. Anza mkiani. Tambua mwisho wake, pima silabi inayoutangulia, tia mkazo, halafu rudi mwanzo ulisome neno zima. Nimeona njia hii ikiwasaidia wasomaji wa Kiswahili haraka kuliko alama za kifonetiki za kamusi, kwa sababu masikio yetu yamezoea kuhesabu kutoka huko.

Sasa kisu cha maana.

Mwanzo wa neno ni "opisth-", kutoka Kigiriki opisthen, yaani nyuma. Baada yake ipo "o", ambayo haina maana yoyote. Ni irabu ya kuunganishia tu, ile ile inayosikika katika "biolojia" na "jiografia". Kisha "glyph", kutoka Kigiriki glyphē, mchongo au alama iliyochimbwa kwa kuchonga. Mwishoni "-ous", ambayo hulifanya neno kuwa kivumishi, na kwa Kiswahili kazi yake ingefanywa na "-enye". Ukiviunga: "-enye mchongo nyuma". Na irabu inayosikika kwa nguvu kuliko zote ndani ya neno hili, ile "o" ya THOG, ndiyo hiyohiyo isiyo na maana.

Vipande hivi si vya nyoka peke yao. Daktari anayemtibu mgonjwa wa pepopunda anakijua cha kwanza katika "opisthotonos", hali ya mwili kujipinda kwa nyuma kama upinde kwa sababu ya misuli kukakamaa. Wataalamu wa buibui huita sehemu ya nyuma ya mwili wake opisthosoma. Kundi kubwa linalowaweka pamoja wanyama na kuvu linaitwa Opisthokonta, kwa kuwa chembe zao zinazoogelea, kama mbegu za kiume, husukumwa na mkia ulio nyuma. Kipande cha pili kinafahamika zaidi kupitia haieroglifi, michongo mitakatifu ya Misri ya kale. Mtu akishavijua vipande hivi viwili mahali pamoja, atavitambua kila atakapovikuta.

Kuna kitu kimekosekana, na msomaji makini ameshakiona: jino liko wapi? Neno linasema nyuma, linasema mchongo, wala halitaji jino popote. Ili kuelewa inabidi kurudi Paris katika karne ya 19. Mtaalamu wa wanyama André Marie Constant Duméril, aliyeishi kati ya mwaka 1774 na 1860, alifanya kazi kwa miaka mingi katika jumba la makumbusho ya elimu ya viumbe la mji huo, akishughulikia wanyama watambaao. Katika uainishaji wa nyoka aliouchapisha mwaka 1853 aliyatumia meno kuwa kipimo kikuu. Kundi moja aliliita kwa Kifaransa Aglyphodontes, na humo jino limo: "odont" ni jino kwa Kigiriki. Majina ya makundi mengine, Opisthoglyphes, Proteroglyphes na Solenoglyphes, yaliacha jino lieleweke lenyewe. Kiingereza kilichukua vipande hivyo, kikavitia "-ous", na jino likabaki nje.

Mchongo unaosemwa si nakshi. Ni mfereji mwembamba unaoshuka kwenye uso wa chonge, kutoka karibu na shina lake kuelekea ncha. Sumu inatoka kwenye tezi iliyo pembeni ya kichwa, inafika kwenye shina la chonge, kisha inateremka ndani ya mfereji huo mpaka kwenye jeraha. Kiswahili nacho kimelifikia jino hili kwa njia ya kuchonga, kutoka upande mwingine: chonge ni jino lililochongoka, ndugu wa kitenzi chonga. Duméril aliutazama mfereji uliochimbwa, sisi tukaitazama ncha iliyokatwa ikawa kali. Ndiyo maana naona "nyoka wa chonge za nyuma" ni tafsiri nzuri kuliko "nyoka wa meno ya nyuma". Magego pia ni meno ya nyuma, na nyoka hana magego.

Anayetaka kulichukua neno lenyewe katika maandishi ya kitaalamu anaweza kuandika opisthoglifu, na hapo mkazo utakaa kwenye "gli" bila mjadala, maana neno likishaingia Kiswahili linafuata hesabu ya Kiswahili. Haitakuwa kosa la matamshi. Litakuwa kosa tu akilirudisha kwenye sentensi ya Kiingereza bila kuurudisha mkazo kwenye THOG.

Kivumishi hiki kina ndugu watatu, na faida ya kulielewa kimoja ni kwamba wengine wanafunguka bila kazi kubwa. "Aglyphous" huanza na "a-" ya kukanusha: wasio na mfereji. Chatu ni wa kundi hili. Ana meno mengi makali, lakini hakuna hata moja lenye njia ya sumu. "Proteroglyphous" ina "protero-", mbele: wenye chonge za mfereji upande wa mbele wa taya. Hawa ni koboko, fira na jamaa zao, pamoja na nyoka wa baharini, akiwemo yule mwenye tumbo la manjano, Hydrophis platurus, anayefika mpaka pwani yetu. "Solenoglyphous" ina "sōlēn", mrija au bomba: wenye chonge ndefu zilizo kama bomba, zinazolala kinywa kinapofungwa na kusimama kinapofunguliwa. Kifutu, ambaye wengine humwita moma au bafe, ndiye mfano wetu wa karibu.

Mkazo wa ndugu hawa unafuata kanuni tuliyoiona: AG-lyphous, prote-ROG-lyphous, sole-NOG-lyphous. Zote zina mkia uleule, "-glyphous", na zote zimetia mkazo kwenye irabu inayotangulia gl. Katika tatu kati ya nne irabu hiyo ni "o" ya kuunganishia. Katika "aglyphous" ni "a" ya kukanusha, na hapo, kwa mara moja, mkazo na maana vimekutana: silabi yenye nguvu ndiyo inayosema "hakuna".

Nimelishughulikia neno hili kwa urefu kwa sababu kusoma vipande vyake vibaya kumewahi kwenda sambamba na hatari ya kweli. "Nyuma" ndani ya neno hili inataja mahali chonge zilipo kwenye taya. Haisemi chochote kuhusu ukali wa sumu. Lakini kwa muda mrefu watu wengi, wataalamu wakiwemo, waliichukua kama dalili ya unyonge: chonge ziko ndani mno, hazimfikii mtu kwa urahisi, basi nyoka si wa kuogopwa sana.

Mwezi Septemba 1957, bustani ya wanyama ya Lincoln Park mjini Chicago ilipeleka nyoka mdogo katika jumba la makumbusho la Field Museum ili atambuliwe. Aliyeombwa kumtambua alikuwa Karl Patterson Schmidt, mmoja wa mabingwa wa dunia wa elimu ya watambaao, wakati huo akiwa na umri wa miaka 67. Tarehe 25 Septemba alimshika nyoka yule, na nyoka akamuuma kwenye kidole gumba. Alikuwa boomslang, mtoto bado. Chonge moja tu ndiyo iliyoingia vizuri, kina cha milimita chache. Schmidt hakwenda hospitali. Alirudi nyumbani akiandika kila dalili kwa saa yake: kichefuchefu, homa, damu kwenye fizi. Asubuhi ya tarehe 26 alijisikia nafuu. Alasiri ile alifariki. Sumu ya boomslang huharibu mfumo wa kuganda kwa damu, na hufanya hivyo polepole. Mgonjwa anaweza kupita saa nyingi akijiona mzima huku damu ikivuja ndani.

Miaka 18 baadaye, mwaka 1975, Robert Mertens, bingwa wa Kijerumani aliyekuwa mkuu wa jumba la makumbusho la Senckenberg mjini Frankfurt, alifariki siku 18 baada ya kuumwa na nyoka wa jenasi Thelotornis aliyekuwa akimfuga. Kwa boomslang ipo dawa maalumu ya kuzuia sumu, inayotengenezwa Afrika Kusini. Kwa Thelotornis haipo. Ni kweli kwamba nyoka wengi wa chonge za nyuma hawana sumu ya kumdhuru binadamu kwa kiasi kikubwa, na hilo ndilo linalowafanya hawa wachache wawe wa hatari zaidi kwa anayewahukumu kwa jina. Aliyeumwa na nyoka wa mitini apelekwe hospitali hata kama hasikii maumivu, na aangaliwe kwa muda mrefu.

Neno lenyewe pia limepungukiwa nguvu katika uainishaji. Mwishoni mwa karne ya 19 George Albert Boulenger, katika orodha yake kubwa ya nyoka wa makumbusho ya Uingereza iliyotoka kati ya 1893 na 1896, bado alilitumia kama jina la kundi: Opisthoglypha, kwa herufi kubwa, yaani nyoka wanaodhaniwa kuwa ukoo wa karibu kwa sababu ya meno yao. Utafiti uliofuata ulionyesha kuwa si hivyo. Chonge za nyuma zinapatikana katika koo mbalimbali za nyoka, na zimejitokeza zaidi ya mara moja. Jina la kundi likaachwa, kivumishi kikabaki kueleza umbo la meno tu. Anayesema leo kwamba nyoka fulani ni "opisthoglyphous" anaeleza kinywa chake, hasemi jamaa zake ni nani.

Wapo pia nyoka wanaokataa kuenea ndani ya vivumishi hivi vinne. Jenasi Atractaspis, nyoka weusi waishio ardhini, wanaopatikana katika sehemu nyingi za Afrika pamoja na kwetu, wana chonge ndefu za mbele zilizo kama bomba. Kwa meno peke yake waliwekwa zamani pamoja na jamii ya kifutu. Leo wanajulikana kuwa ukoo mwingine. Tena wana uwezo wa kutoa chonge moja pembeni, kinywa kikiwa kimefungwa, na kumchoma nayo windo au mkono wa mtu. Anayemshika nyuma ya kichwa, kwa namna inayodhaniwa kuwa salama kwa nyoka wengine, ndiye anayechomwa.

Mwaka 2008 Freek Vonk na wenzake walichapisha utafiti wa viinitete vya spishi nane za nyoka, wakifuatilia meno ya taya la juu yanavyoanza kuota kabla nyoka hajaanguliwa. Kwa nyoka wa jamii ya fira na wa jamii ya kifutu, ambao wakiwa wakubwa chonge zao ziko mbele kabisa, waligundua kwamba chonge hizo hazianzi mbele. Tishu inayozitengeneza iko nyuma ya taya, mahali palepale inapoanzia chonge ya nyoka wa chonge za nyuma. Kiinitete kinapokua, sehemu hiyo inasogezwa mbele mpaka kufika karibu na pua, na sehemu ya mbele ya taya haioti jino. Kwa hiyo "protero-" katika kivumishi cha fira inataja mahali chonge inapokuwa baada ya safari hiyo kwisha, na mtu akimtazama fira angali kiinitete ataikuta chonge yake ikianza pale ambapo boomslang huota ya kwake.